Bakuli la Lakiri

Nyumbani kwangu Lumemo, juu ya kabati la mninga lililo karibu na mlango wa jikoni, liko bakuli jeusi ambalo wageni aghalabu hulidhani la kufinyangwa, mpaka walishike na kuustaajabia wepesi wake, kisha wakilielekeza kwenye mwanga waone mistari myembamba iliyolizunguka, mstari karibu na mstari, kama matuta ya mkulima mwenye shamba la ukubwa wa kiganja. Ndani yake zimo ndimu. Alipokuwa hai marehemu mama yangu zilikuwamo ndimu vile vile, na pilipili, na pengine sindano na uzi. Lakini hakutia humo kitu cha moto tena tangu siku ile ya kwanza, alipolipakulia mchuzi wa kambale, likalegea mbele ya macho yetu kama sikio la mbuzi na mchuzi ukaenda mkekani. Bakuli hilo lilikuwa santuri. Mimi ndiye niliyeiharibu, Bruda mmoja Mswisi ndiye aliyeigeuza kuwa chombo, na lau si uharibifu ule sidhani kama ningalilijua mapema jina la mtunzi ambaye nimekaa naye, kwa namna ya kukaa na jirani ambaye hujapata kuvuka kizingiti chake, kwa muda unaokaribia miaka sabini.

Mto Lumemo, ambao kijiji chetu kimechukua jina lake, huteremka kutoka milima ya Udzungwa na kupita ubavuni mwa mji wa Ifakara kabla ya kujitia katika Kilombero. Watu wa bonde hawana haja ya kuelezwa tabia yake. Lakini msomaji wa mbali na ajue kwamba ni mto wenye hila, kwa kuwa mvua hunyesha milimani usiku, hali kijijini nyota zimetanda na watu wamelala salama, na alfajiri mtu huamka akauona mtungi wake unaelea mlangoni. Sisi tulifundishwa kusikiliza kabla ya kufundishwa kuogelea. Ngurumo moja ya chini, ya mbali, upande wa milima, siku ambayo mbingu juu ya vichwa vyetu ni nyeupe, ilitosha kumfanya bibi yangu aanze kupandisha mpunga dunguni. Hiyo ndiyo elimu pekee niliyokuwa nayo siku nilipoisikia okestra kwa mara ya kwanza, na nathubutu kusema kwamba ilinifaa kuliko ambavyo ingalinifaa elimu ya noti.

Mwaka ulikuwa 1955, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Misheni ya Ifakara ilikuwa mikononi mwa Wakapuchini wa Uswisi, na masista wa Baldegg, ambayo ni mahali katika jimbo la Luzern, ndio waliouguza wagonjwa katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Bruda ninayemsema hakuwa padri wala mganga. Alikuwa fundi, naye alitengeneza chochote kilichovunjika baina ya mnara wa kengele na pampu ya kisima. Mimi nilifagia karakana yake kila Jumamosi, kwa ujira wa kipande cha sabuni na ruhusa ya kugusa vyombo visivyokuwa na makali.

Santuri hazikuwa ngeni kwetu. Duka moja mjini lilikuwa na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, na santuri zenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe, na humo tulimsikia Siti binti Saad, ambaye tangu sauti yake ilipochukuliwa Bombay mwaka 1928 alikuwa amefika mahali pengi kuliko ambavyo miguu ya mwanadamu ingaliweza kumfikisha. Kwa akili yangu, basi, santuri ilikuwa ni mtu, mtu aliyefungwa ndani, anayeimba akizungushwa. Jumapili moja alasiri Bruda aliitoa gramafoni yake barazani, akaweka santuri, na fidla zikaanza kukimbizana. Nikakaa nikimngoja mwimbaji. Upande mmoja ukaisha. Akaigeuza, na upande wa pili nao ukaisha.

"Bruda, mwimbaji yuko wapi?"

"Bado," akanijibu, akiipuliza vumbi sindano. "Hajafika."

Nikadhani amechelewa. Jumapili iliyofuata nilikwenda tena, nikiwa nimewahi, na iliyofuata hiyo pia. Na yule mwimbaji hakufika, kwa sababu Bruda hakuwa na santuri hata moja ya mtu anayeimba. Sababu yake niliielewa baadaye, nayo ni ya mizani kuliko ya mapenzi. Opera, yaani ile tamthilia ya Wazungu ambayo wachezaji wake huimba mahali ambapo wengine wangalisema, huchukua saa mbili, tatu, hata nne. Na santuri kubwa ya wakati ule ilichukua dakika nne na nusu hivi kila upande. Opera moja nzima ilitaka kasha la santuri kumi na tano au zaidi. Mtawa aliyekula nadhiri ya ufukara, anayesafiri kwa meli mpaka Dar es Salaam, kwa gari la moshi mpaka Kilosa, na kutoka hapo juu ya mizigo ya lori, hawezi kubeba kitu kama hicho akabaki na uso wa kumwonyesha mkubwa wake. Bruda alichukua vipande vya ufunguzi tu, ambavyo okestra huvipiga kabla pazia halijainuliwa, na ambavyo hutosha katika santuri moja au mbili.

Alikuwa nazo tano, katika sanduku la mbao lililotandikwa kipande cha blanketi. Moja ilikuwa ya Wagner, Mjerumani aliyekaa Tribschen, kando ya ziwa la Luzern, tangu mwaka 1866 hata 1872, karibu kabisa na kwao Bruda. Hiyo aliiweka kwa heshima ya ujirani, na sikumbuki kama aliipiga zaidi ya mara mbili. Nne zilizobaki zilikuwa ile ya ndege mwizi, ya ngazi ya hariri, ya mwanamke Mwitaliano katika mji wa Algiers, na ya kinyozi wa Sevilla. Majina haya ninayataja sasa kwa ufasaha wa mtu aliyekwisha kuyasoma. Wakati ule sikujua lolote, wala kwamba hizo nne zimetoka katika mkono mmoja. Lakini masikio yalishuku. Mtu yule alikuwa na desturi yake. Huanza na jambo dogo, la mchezo, kwa kunong'ona. Hulirudia lile lile bila kulibadili, ila amemtia mpigaji mmoja zaidi. Hulirudia tena, ameongeza wawili, na zumari, na baragumu, mpaka jambo lile lile, ambalo lilipoanza lingalitosha ndani ya kijaluba, limeijaza nyumba na watu wanaangaliana. Nilimwambia Bruda kwamba huyu anatunga kama uvumi unavyokwenda kisimani: wa kwanza anamnong'oneza wa pili, na ndoo ya mwisho inapojaa kijiji kizima kina habari. Akacheka sana, asinieleze kwa nini.

Katika masika ya mwaka huo zikamfikia kwa posta santuri mbili zaidi. Zilikuwa za ufunguzi mmoja, mrefu wa dakika kama kumi na mbili, uliogawanywa pande nne. Jumapili hiyo tulikuwa watoto wanne barazani. Upande wa kwanza ulianza kwa selo tano, vinanda vya nyuzi vyenye sauti ya mwanamume wa makamo, kimoja kikiuliza na vinne vikimjibu polepole, kama wazee waliokutana mapema kabla jua halijachomoza na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitaja lililowaleta. Na katikati ya utulivu huo, kwa mbali mno, ngoma ikanguruma kidogo ikanyamaza. Wenzangu hawakuisikia, au waliisikia wasiishughulikie. Selo zikaendelea. Ngoma ikanguruma mara ya pili, nami nikasimama.

"Wakwenda wapi?" Bruda akaniuliza.

"Maji yanakuja, Bruda."

Alinitazama kitambo bila ya kusema neno. Kisha akaigeuza santuri, na maji yakaja. Yalikuja kama yanavyokuja kwetu: kwanza fidla zinatetemeka chini kwa chini, na filimbi zinadondosha tone moja moja juu ya makuti, halafu kimya ambacho si kimya, halafu mabaragumu mazito yakaporomoka yote pamoja na kila kitu kikachukuliwa. Nimekwisha kuyaona mafuriko mengi ya Lumemo, na moja lilichukua nyumba niliyozaliwa. Lakini sikupata kabla ya siku ile kuona mafuriko ambayo mtu ameyatengeneza kwa makusudi, akajua lini yaanze na lini yakome. Upande wa pili ulipokwisha, gharika ikipungua na filimbi imebaki peke yake, kengele ya sala ya jioni ikalia. Bruda akafunga kifuniko. Santuri ya pili, akasema, Jumapili ijayo.

Jumamosi nilifagia karakana nikiwa peke yangu. Nataka kuwa mkweli katika jambo hili: hakuna aliyenituma. Nilifungua sanduku nikaitoa ile santuri ya pili ili nione kama mistari yake yafanana na ya kwanza, maana niliwaza kwamba pengine mwenye jicho kali aweza kusoma katika mistari nini kinachotokea baada ya mafuriko. Na kwa kuwa ndani palikuwa na giza, niliitoa nje, nikaiweka juu ya ukuta wa baraza. Hapo nikaitwa kusaidia kuchota maji ya hospitali. Niliporudi adhuhuri ilikuwa imepita. Santuri za zamani zilifanywa kwa lakiri, ile ile wanayoitoa wadudu wa Bara Hindi katika miti na ambayo maofisini hupigia mihuri. Na jua la Ifakara baada ya mvua halina huruma kwa lakiri. Santuri ilikuwa imejikunja pande mbili kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Bruda hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliibana baina ya mbao mbili, akaitwika nanga ya mtumbwi kwa muda wa majuma mawili, akaijaribu. Sindano ilipanda na kushuka kama mlevi katika ngazi, mara ya tatu ikaruka nje. Ndipo alipochemsha maji, akailainisha santuri, akaifunika juu ya sufuria iliyopinduliwa na kuikunja kingo zake kwa vidole vilivyovikwa vitambaa, na ilipopoa akakiziba kitundu cha katikati kwa kipingili cha mpingo. "Chukua," akasema, "mpelekee mama yako." Karatasi ya katikati ilikuwa imebaki chini ya bakuli, na kila lilipokuwa tupu niliweza kusoma, kuzunguka kile kipingili, maneno ambayo sikuyaelewa na jina moja ambalo kwa bahati laandikika kama Kiswahili: Rossini. Mama alidhani ni jina la mfinyanzi.

Bruda alipokuwa akiifanya kazi hiyo alinisimulia hadithi ya opera yenye ufunguzi ule, kama mtu anayelipa deni lisilo lake. Katika nchi ya Uri, kwenye ziwa lile lile la Luzern, alikuwako liwali wa dola ya kigeni aliyesimamisha mti sokoni Altdorf, akatungika kofia yake juu, akaamuru kila apitaye aisujudie. Na mwindaji mmoja, Wilhelm Tell, akapita asiinamishe kichwa. Akaamrishwa kwa adhabu alilenge kwa mshale tofaa juu ya kichwa cha mwanawe, naye akalipiga. Dhoruba niliyoisikia ilikuwa ya ziwa hilo. Nilirudi nyumbani na bakuli na hadithi, nikamsimulia bibi. Bibi alikuwa mtoto mkubwa mwaka 1905, wakati watu wa Maji Maji walipoiendea boma ya Wadachi kule Mahenge, na habari za tofaa hazikumshughulisha hata kidogo. Aliuliza juu ya kofia. Nilipomweleza alisema: "Sisi tulikuwa na akida. Hakuhitaji mti, kofia yake ilikaa kichwani mwake, nasi tukainama vile vile."

Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na Bwana Shauri, yaani afisa wa serikali ya kikoloni, alipokuja kutoka Mahenge kwa pantoni, naye akiwa na kofia nzuri sana, sisi watoto wa karakana tulitazamana tukashikwa na kicheko ambacho Bruda alikiona na kukielewa, kwani tangu siku hiyo hakuisimulia tena hadithi ya Tell mbele ya watu zaidi ya wawili.

Hivyo ndivyo nilivyobaki na nusu ya ufunguzi, alfajiri na dhoruba, bila ya lile linalofuata. Nilimwuliza Bruda ni nini kilichokuwamo katika pande mbili zilizopotea, akasema, "Ni mtu anaita ng'ombe. Kisha watu wanafurahi." Nilivunjika moyo. Bonde la Kilombero wakati huo lilikuwa nchi ya mbung'o, na ng'ombe hawakukaa. Mimi nilikuwa sijapata kumsikia mtu akimwita ng'ombe, wala sikuona sababu ya kumwita baada ya mafuriko. Kwetu baada ya mafuriko huja samaki, kisha huja matope meusi, kisha mpunga. Basi nikajitungia mwenyewe pande hizo mbili, nikizipitisha kichwani njiani kutoka Lumemo kwenda shule, moja ya mitego na moja ya mavuno, na nilipokuwa peke yangu nilichukua bakuli nikapitisha ukucha katika mistari yake, nikilitega sikio. Lilitoa sauti ya ukucha.

Aliyenipa neno la kuviita vipande hivi hakuwa Mzungu. Alikuwa fundi cherehani mmoja mjini Ifakara, mtu wa pwani, mwenye umri mkubwa, aliyekaa Unguja ujanani mwake na kujua habari za waungwana. Nilimwambia, "Shikamoo, Maalimu, misheni kuna muziki usio na mwimbaji." Hakusimamisha mguu wake juu ya kanyagio. "Marahaba. Hiyo ni bashraf," akasema, na akanieleza kwamba hata taarabu ya Unguja, khasa ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, hufunguliwa kwa bashraf, udi na kanuni na fidla bila ya maneno, desturi iliyotoka kwa Waturuki ikapitia Misri, ili watu wakae, wasalimiane, wajinyunyizie marashi, na mwimbaji apate kuisafisha koo yake. "Lakini bwana mdogo," akaongeza, "asikizaye bashraf kwa makini ni mmoja katika mia. Wengine wanatafuta viti."

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara Ifakara, tawi la taasisi yao ya magonjwa ya nchi za joto, na miaka michache baadaye niliajiriwa humo, kwanza kwa kazi ya kufukua papasi katika nyufa za sakafu za udongo, wale waletao homa ya kurudiarudia, kisha kwa kazi ya darubini. Na mwaka 1966 nikapelekwa Basel kwa miezi sita kuongeza ujuzi. Habari za baridi na tramu wameziandika wengine kwa ustadi. Mimi nilichotaka ni kitu kimoja, na mfuko uliporuhusu nikanunua tikiti ya juu kabisa, karibu na dari, kwenda kuisikiliza opera ya kinyozi.

Niliwahi. Taa zikapunguzwa, okestra ikaanza ule ufunguzi ambao niliujua kama njia ya nyumbani, na watu wakaendelea kusema. Walikohoa. Mwanamke mbele yangu alitafuta kitu mkobani muda wote wa dakika saba. Waliochelewa waliingia wakiomba radhi kwa sauti. Mzee mmoja alikunja koti lake mara tatu. Nilighadhibika, na ghadhabu yangu ilikuwa na kiburi ndani yake: niliwaza kwamba mimi, niliyekuja kutoka Lumemo, nimeyashika kwa moyo haya wanayoyafunika kwa makohozi. Kisha nikamkumbuka Maalimu na viti vyake. Na nikamkumbuka pia mgeni mmoja msomi, aliyefika kijijini kwetu na mashine ya kunasia sauti, akawakuta wapigaji wakizikanza ngoma kwenye moto wa makuti na kuzijaribu, akasimama kwa taadhima akinasa kila kishindo, sisi tukizungumza na kugawana pombe karibu yake, hata ngoma yenyewe ilipoanza ukanda wake ulikuwa umekwisha. Yule alikuwa ni mimi. Wala sisemi kwamba alikosea kusikiliza. Siku hizi, ninapokumbuka zile ngoma zikilainika motoni, sauti zao zikipanda kidogo kidogo, najua kwamba aliona kitu ambacho sisi wenyeji hatukupata kukiona. Ila hakuiona ngoma.

Pazia likainuka. Mtumishi akaingia na taa mkononi, nyuma yake wapiga ala wa kukodiwa, wakinyata kabla ya alfajiri chini ya dirisha la msichana. Na mtumishi akafungua kinywa akaimba. Nilikuwa nimemngoja kwa miaka kumi na moja. Katikati ya mchezo mwalimu wa muziki, mtu mrefu mwenye hila, aliimba kueleza jinsi fitina inavyoanza kama upepo mwanana, ikapita sikioni mwa mmoja na mwingine, ikavimba, ikalipuka kama mzinga. Na chini yake okestra ilifanya ile desturi niliyoijua, kuanzia mnong'ono hadi radi. Nikaelewa Bruda alicheka nini.

Kilichonishangaza zaidi nilikisoma kesho yake. Ufunguzi ule wa kinyozi haukutungwa kwa ajili ya kinyozi. Rossini aliutumia kwanza Milano mwaka 1813 katika opera ya kaisari wa Rumi na malkia wa Shamu, akautia tena Napoli mwaka 1815 mbele ya opera ya Elizabeti wa Uingereza, na mwaka 1816, alipokuwa na haraka Roma, akaung'oa akaupachika kwa kinyozi, ambako umekaa mpaka leo na hakuna asiyesema kwamba unamfaa. Nani kati yetu atakayemcheka? Unguja na Lamu milango ya nakshi imeng'olewa katika nyumba zilizoanguka ikatiwa katika nyumba mpya, na mgeni husimama mbele yake akasema mwenye nyumba hii alikuwa tajiri wa namna gani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni miaka yote hiyo nikiisoma tabia ya nyumba katika nakshi, na nyumba ya nakshi ile haikuwa ile.

Niliponunua santuri ya plastiki yenye funguzi za Rossini, kwa faranga chache katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika, nyuma ya jalada palikuwa na maisha yake kwa Kijerumani, nami nilisoma kwa kamusi. Alizaliwa Pesaro tarehe 29 Februari 1792, baba mpiga baragumu, mama mwimbaji. Alitunga opera thelathini na tisa. Ya mwisho ilikuwa hii ya Tell, iliyochezwa Paris mwaka 1829, naye ana miaka thelathini na saba. Akaishi karibu miaka arobaini zaidi, akila vizuri, akiandika vipande vidogo na misa, asitunge opera tena. Wengi wametoa sababu, za ugonjwa, za fedha, za siasa. Nilipomsimulia mama baada ya kurudi, alisema labda alishiba, na sijasoma sababu iliyo bora kuliko hiyo.

Nikakaa basi katika chumba nilichopanga kwa mjane mmoja, nikaweka sindano, nikaipita alfajiri, nikayapita maji, nikafika pale ambapo kengele ilinikata mwaka 1955. Zumari moja nene ikaanza kuita, bila haraka, sauti ndefu ikishuka mwishoni, na filimbi ikazunguka juu yake kama ndege. Ni wito wa wachungaji wa milima ya Uswisi. Rousseau aliandika katika kamusi yake ya muziki, mwaka 1768, kwamba wimbo wa namna hiyo ulikatazwa kwa adhabu ya kifo kupigwa mbele ya askari wa Kiswisi waliotumikia wafalme wa mbali, kwa sababu waliousikia walilia, wakatoroka, au wakafa kwa kutamani kwao. Niliusikiliza mara tano. Halafu nikawaza juu ya Bruda, ambaye alikuwa hajarudi kwao tangu alipofika Tanganyika, na jinsi alivyoipokea ile santuri iliyojikunja bila ya neno la hasira, akaifanya bakuli upesi hivyo. Sikupata kumwuliza. Nilipotoka Basel alikuwa amekwisha zikwa Ifakara.

Kuhusu upande wa nne, ule wa tarumbeta na farasi wanaokwenda mbio, ambao Wamarekani waliutia katika mchezo wao wa redio wa mpanda farasi aliyevaa kinyago na ambao vijana wa leo wanausikia katika simu zao, sina mengi. Ni kelele nzuri. Mavuno yangu ya kichwani yalikuwa bora.

Siku hizi bonde si lile. Reli ya TAZARA ilipita kwetu miaka ya 1970, mbung'o wakapungua, na kuanzia miaka ya 1980 Wasukuma na wafugaji wengine walianza kuteremka na makundi yao, wakitafuta majani. Na tangu hapo hapajakuwa na mwaka usio na kesi ya ng'ombe na mpunga. Msimu uliopita niliamka kabla ya jua nikaenda kuliangalia shamba langu kando ya Lumemo, nikakuta ng'ombe kama arobaini wamo katikati ya mpunga uliokwisha chanua, na kijana wa miaka kumi na mitano hivi, shuka begani, amesimama upande wa pili wa maji. Nilikwisha kuyapanga maneno yangu. Akaweka vidole viwili kinywani na kupiga mluzi, mrefu, ukishuka mwishoni, akangoja, akaupiga tena, chini kidogo ya ule wa kwanza. Ng'ombe wakainua vichwa. Mmoja, dume jeupe, akaanza kutoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiyatikisa masuke, na yule kijana akaendelea kuita bila haraka mpaka wa mwisho alipotia mguu majini.

Nilimngoja amalize. Kisha nikavuka mto nikamdai mpunga wangu.